Barua za Mlima wa Theluji

Makindye, Kampala
9 Juni 2002

Mdogo wangu Emérence,

Jana nilipita Kansanga nikaukuta mlango wako umefungwa kwa kufuli. Jirani yako, yule fundi wa nguo, akaniambia mmekwenda Kasese na Pasta Guerschom, kwamba mtapanda mlima kusali. Nikacheka. Nikamwambia Kampala ina vilima vya kutosha kwa dini zote, kwa nini mtu apande basi siku nzima kutafuta kingine? Akanijibu, "Si kilima, mzee. Ni ule wenye theluji."

Ruwenzori! Emérence, mna akili kweli? Watu wanaochoka kupanda kutoka barabara ya Ggaba hadi nyumbani kwangu Makindye?

Nimesikia hoja yenu. Miaka sita mnasubiri jibu la kwenda Kanada, jibu haliji, na Pasta amewaambia kwamba Kampala ina kelele nyingi, maombi yanapotea njiani. Basi mwende juu zaidi, karibu na masikio. Ni Mungu gani huyu anayesikia kwa mita? Alipokuwa anatusikiliza Butembo tukikimbia risasi, alikuwa mwinuko gani? Guerschom ni mfanyabiashara wa mawingu. Amewaona watu waliochoka kusubiri, akawauzia safari.

Wewe ni mtu mzima, ukitaka kwenda nenda. Mwache Exaucée. Ana miaka kumi na tisa, ana sauti nzuri na mapafu ya mtoto aliyelelewa kwenye moshi wa sigiri. Mrudishe kwa basi, nitamlisha mimi.

Kaka yako,
Emile


Kasese
16 Juni 2002

Yaya Emile,

Barua yako imefika. Niliwasomea wenzangu mwanzo tu, maana katikati kulikuwa na matusi na mwisho pia.

Habari zetu ni nzuri. Tuko watu kumi na mmoja, tunalala katika nyumba ya muumini mmoja karibu na soko. Asubuhi tunasali, jioni tunajizoeza kutembea hadi mtoni na kurudi. Mama Annick amepata malengelenge. Tumemwambia huo ndio mwanzo wa utakatifu, akatutukana kwa Kinande.

Kuhusu Exaucée siwezi kumrudisha. Ndiye anayeongoza nyimbo. Tena unajua nilivyompata. Mimba tatu zilitoka, na wewe mwenyewe ulinipeleka kwa madaktari wako wa Goma, wakanipa vidonge na karatasi. Nilifunga, nikasali, akaja. Ndiyo maana nikamwita Exaucée, aliyesikiwa. Siwezi kwenda kuomba jambo kubwa kuliko yote nikamwacha nyuma yeye aliye ushahidi wangu.

Lakini sisi hatujui mlima, na wewe unaujua. Miaka ile ukifundisha jiografia, kila likizo ulikuwa unaupanda kwa upande wetu wa Kongo na wanafunzi wako. Njoo utuongoze. Nimemwuliza Pasta, amekubali. Amesema hutalazimishwa kusali, utatembea tu mbele.

Njoo, yaya. Nakuomba kama mdogo wako.

Emérence


Makindye, Kampala
22 Juni 2002

Emérence,

Pasta amekubali! Ahsante yake. Nitembee mbele ya Guerschom kama yule punda wa Jumapili ya Matawi, na watu watandaze nguo njiani? Kila mtakachokipata mtasema ni Mungu, na kila kitakachowakwaza mtasema ni huyu Emile asiyeamini aliyetangulia na mkosi. Siji. Sitauazima upumbavu miguu yangu.

Lakini sitaki mfe. Kampuni moja ya watalii yenye ofisi kule Naguru imeniajiri niandike kijitabu cha Kiswahili kwa watu wanaoanza kupanda milima. Hapa nimewaandikia kwa ufupi yaliyomo. Someni wote.

Kwanza viatu. Watu hununua viatu vizuri vya ngozi kwa ajili ya mlima huu, halafu wanavizika. Ruwenzori ni tope. Mnavaa gambuti, zile za wachunga ng'ombe, na soksi nene za sufu, jozi nyingine mnaifunga katika plastiki isilowe. Nguo za pamba ziacheni Kasese. Pamba ikilowa inanyonya joto la mwili hadi mtu anatetemeka, na akiacha kutetemeka huku bado amelowa, jueni baridi imeshamwingia ndani. Vaeni sufu, na juu yake koti la mvua. Vile vitu mtakavyoviona kwa Wazungu, kamba, shoka la barafu, meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, si vyenu. Hivyo ni vya kutembea juu ya barafu yenyewe, ambako kuna nyufa zilizofunikwa na theluji nyepesi, mtu anakanyaga kama sakafu na sakafu haipo. Mkifika barafu inapoanza, iangalieni na mrudi.

Pili, kuzoea mwinuko. Hewa ya juu ni nyembamba. Mwili unaweza kuizoea, ila polepole. Ukifika kambi, pumzika, panda kidogo zaidi, kisha rudi ulale chini. Kuleni, hata bila hamu. Kunyweni maji mengi. Nimesikia mtafunga huko. Kufunga mahali pale ni kama kumpiga ngumi mtu anayejaribu kukubeba.

Tatu, ugonjwa wenyewe wa mwinuko, na hapa msome kwa sauti. Kwanza kichwa kinauma na chakula kinakataa. Hiyo ni salamu tu ya mlima. Mtu abaki hapohapo asipande hadi imwachie. Akiipuuza, utakuja ugonjwa wenyewe, maji ndani ya ubongo. Atatembea kama mlevi. Mwambieni apite mstari mmoja, kisigino kikigusa kidole, hataweza. Atacheka pasipo kichekesho. Atasema maneno yasiyoshikana. Atasema hasikii baridi. Dawa ni moja na haiuzwi popote. Ni kuteremka, saa ileile, hata kwa kubebwa mgongoni. Basi mkiyaona hayo, mpeni Mungu wenu kisogo, mwacheni huko juu peke yake na theluji yake, mshuke mbio kama watu waliomkana. Huo ndio wokovu pekee unaopatikana mlimani.

Msomee na Guerschom. Hasa yeye.

Emile


Kasese
2 Julai 2002

Mjomba mkali,

Mama amelia kwa barua yako halafu akaikunja vizuri akaiweka ndani ya Biblia. Nimemwambia usilie, mjomba akimpenda mtu anamfokea, na akimchukia anamwandikia makala gazetini.

Gambuti nimepata, ila ni kubwa, nimezijaza magazeti mbele. Pengine moja ya makala zako iko chini ya kidole changu gumba. Pasta amekataa gambuti. Atapanda na viatu vyake vya ibada, vile vyeusi. Mama Annick anasema atarudi navyo vikiwa mkate uliolowa chai. Sweta nimeazimwa na dada mmoja wa hapa, ya sufu kweli, inawasha kama upupu. Koti la mvua ni la Mama.

Tutafunga kuanzia kambi ya pili. Maji yanaruhusiwa jioni. Usianze. Nishakusikia.

Sasa nikwambie siri, usimwambie Mama. Unadhani nakwenda kwa ajili ya Pasta. Mimi nakwenda kwa sababu sijawahi kuona theluji. Kama Kanada watatukubali, nitaishi ndani yake maisha yangu yote, na sijui hata inanukaje. Nataka nikifika kule watu wasinicheke. Nataka niseme, ah, hii? Naijua hii, nimeishika Uganda.

Nikifika juu nitakuandikia. Wapagazi wanateremka kila mara, watapitisha barua.

Mpwa wako,
Exaucée


Kambini
Jumapili au nyingine

Mjomba,

theluji ipo naiona iko mbali ni kama chumvi. Kichwa kiliuma juzi sasa hakiumi au kinamuuma mtu mwingine. Leo nimecheka mpaka watu wakasimama wote wakaimba. Sijui nilichekea nini. Mama amefurahi mjomba hujawahi kumwona amefurahi hivi. Njia inaondoka chini ya miguu wananishika huku na huku wanasema haleluya. Nimevua sweta. Joto. Mjomba kule Kanada mlango uko upande gani. Mlango. Huyu anashuka na barua nampa mimi sitaki ku

Exaucée Exaucée


Kituo cha mabasi, Kampala
18 Julai 2002

Emérence,

Nimeipata sasa hivi barua ya mtoto. Basi la Kasese limejaa. Kondakta amekubali kubeba barua, mimi amenikatalia. Nitapanda la kesho alfajiri. Barua hii ipelekwe hadi lango la mlima, na mwenye miguu aipandishe.

Teremkeni. Exaucée ni mgonjwa, ana ugonjwa ule niliouandika. Kama hawezi kutembea abebwe. Usisubiri asubuhi wala mwisho wa maombi.

Yale niliyosema juu ya Mungu yafute. Nilikuwa nashindana na Guerschom, sikuwa nashindana na wewe. Kuteremka si kumkana mtu yeyote. Salini mkiwa njiani, imbeni, fanyeni mnavyotaka, ila miguu ielekee chini.

Nakuomba, mdogo wangu. Sikuwahi kukuomba kitu.

Emile


Kasese
8 Agosti 2002

Yaya Emile,

Ulipokuja hukuniona. Nilikuwa chumba cha pili, mlango umerudishwa, nikasikia kila kitu. Nilikusikia ukimwita Pasta muuaji mbele ya waombolezaji, na yeye akikujibu kwa maandiko, na wewe ukimjibu maandiko yake kwa maandiko mengine. Kaburi lilikuwa bado bichi. Nikasema moyoni, hata leo anataka kushinda. Ndiyo maana sikutoka. Ukarudi Kampala, na mimi nimebaki hapa kwa sababu hapa ndipo alipolazwa.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana unastahili kujua, na kwa mdomo sitaweza.

Barua yako ile ya Juni tulipanda nayo. Kambi ya tatu, watu walipoanza kuumwa kichwa, Pasta aliniomba akaisoma mbele ya wote. Alisoma yote, hakuruka kitu. Alipofika pale uliposema mtu atatembea kama mlevi, atacheka, atasema maneno yasiyoshikana, aliinua barua juu akasema, "Mmesikia? Siku ya Pentekoste nao waliambiwa wamelewa. Huyu ndugu haamini, lakini ameonyeshwa. Ametuandikia dalili kabla hazijaja." Watu wakapiga makofi. Tangu saa ile tulikuwa tunazingojea, yaya. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake aone nani ataanza.

Akaanza Exaucée. Alikuwa anaongoza wimbo, akaacha maneno ya wimbo akasema maneno mengine, akacheka, akayumba. Nililia kwa furaha. Nilimshika mkono huu, Mama Annick akamshika ule, tukamtembeza katikati ya watu. Mwanangu, katika wote, ndiye aliyechaguliwa.

Bwambale, mwongozaji tuliyepewa pale langoni, alikuja adhuhuri akamtazama macho. Akaniambia, "Mama, huyu mtoto ashuke sasa. Mimi nitambeba." Nikasita. Usidhani sikusita. Nilikumbuka na wewe ulivyoandika, kuteremka. Lakini ulivyoandika, yaya! Ukasema tumpe Mungu kisogo, tushuke kama watu waliomkana. Pasta akaniambia, "Mama Exaucée, unaona shetani anavyoita? Kwa kinywa cha kaka yako alishakuita, sasa anakuita kwa kinywa cha huyu." Na mimi sikutaka kumkana aliyenipa mtoto, mbele ya mtoto mwenyewe. Nikamwambia Bwambale tusubiri jioni, tufungue kwanza mfungo.

Jioni ukungu ukashuka na mvua, hata mkono wako huuoni. Akalala, hatukuweza kumwamsha vizuri. Kulipopambazuka wakakata miti miwili wakafunga blanketi, wakambeba. Alikuwa anakoroma kwa kifua chenye maji. Aliacha kabla hatujafika mtoni. Barua yako ya pili nilipewa langoni, yeye akiwa amefunikwa.

Ungesema tu "teremka", yaya. Neno moja, kama ulivyofanya katika ile ya pili. Ningeteremka.

Lakini sikuandikii kwa hilo. Nina swali, na sina mtu mwingine wa kumwuliza. Pasta ananiambia Exaucée alijazwa Roho kweli, kwamba Mungu alimshukia akampenda akamchukua. Bwambale anasema ni mlima tu. Wewe umesoma kuliko watu wote ninaowajua. Niambie, ile furaha ilikuwa ya nani? Je, haiwezekani kwamba alijazwa kweli? Kwamba ugonjwa ulikuja baadaye, usiku, pamoja na mvua, na ile ya mchana ilikuwa kitu kingine? Usinijibu kwa ajili ya Pasta. Nijibu mimi.

Emérence


Makindye, Kampala
20 Agosti 2002

Mdogo wangu mpendwa,

Nimelifikiria swali lako na nimetafuta katika vitabu nilivyo navyo, na vingine nimekwenda kuviazima.

Inawezekana. Ndilo jibu langu. Mambo ya kichwa cha binadamu mahali pale juu hayajulikani yote. Wapo watu walioshikwa na furaha kubwa kama ile, wakashuka salama, na madaktari hawakuona ugonjwa wowote. Kwa hiyo ya mchana inaweza kabisa kuwa kitu kingine, na ugonjwa ukaja baadaye na baridi ya usiku, kama unavyosema. Pasta Guerschom alikuwapo, mimi sikuwapo. Aliyeona kwa macho yake ana haki ya kusema alichoona.

Hata kuteremka adhuhuri huenda kusingebadilisha kitu. Ulifanya kama mama anayempenda mtoto wake.

Nisamehe maneno niliyosema msibani. Mfikishie Pasta salamu zangu.

Ukirudi Kansanga niambie. Nimemwomba fundi wa nguo akuangalizie nyumba, na mimi nafagia mbele ya mlango kila nikipita. Kula vizuri. Lala.

Kaka yako akupendaye,
Emile


Kasese
1 Septemba 2002

Yaya Emile,

Barua yako imefika. Nimeisoma hadi mwisho, nikarudi mwanzo, nikitafuta mahali utakaponigombeza. Sikupaona.

Tangu nilipojifunza kusema hujawahi kuniachia neno. Nikiwa mdogo nikisema mvua inakuja, ulitoka nje kuangalia upepo ili urudi kunikatalia. Siku nilipoolewa uligombana na baba mkwe juu ya mipaka ya wilaya, chakula kikapoa. Nilipopata mimba ya Exaucée baada ya kufunga, ulinieleza kwa saa nzima kwamba mwili hujitengeneza wenyewe, na mimi nimelala kitandani nimekumbatia tumbo langu, nikikusikiliza, nikizidi kuamini kwa kila neno ulilosema.

Sasa umeniandikia kwamba inawezekana. Umemwita Guerschom Pasta. Umemtumia salamu. Hakuna "lakini" hata moja katika barua nzima. Nimewahi kukusikia ukizungumza hivyo na mtu mmoja tu, baba yetu, wiki ile madaktari waliposema apelekwe nyumbani. Alikuuliza kama atapona, ukamwambia inawezekana.

Basi nimejua.

Bwambale aliniambia mchana, jua likiwa wazi na njia inaonekana. Alikuwa ameshavua mzigo wake ili ambebe. Mimi ndiye niliyesema jioni. Si Pasta, wala si wewe na matusi yako. Nilitaka watu waendelee kumtazama mtoto wangu vile walivyokuwa wanamtazama.

Wenzangu wamerudi Kampala. Wameniambia jina letu limeonekana kwenye orodha ya waliokubaliwa Kanada, na mimi nimesema waende wasiningojee. Usije kunichukua, na nyumba ya Kansanga mpe mwenye shida.

Najua ulitaka kunihurumia. Ungenigombeza, yaya. Ungeniita mjinga kama siku zote. Ningekasirika, ningekushikia kalamu nikujibu ukurasa kwa ukurasa, na leo ningekuwa bado nabishana na wewe, na mwanangu angekuwa bado amejazwa.

Emérence